Propela ya Watu Wanane

Kwa miaka zaidi ya ishirini niliyomfahamu Fundi, sikumwona hata mara moja akimpa mtu propela siku ile ile aliyokuja kuiomba. Mteja angeweza kufika na fedha mkononi, boti imefungwa hatua hamsini kutoka kibandani, barafu inayeyuka juu ya samaki, jibu lilikuwa lile lile, na alilitoa bila kuinua kichwa: "Kwanza niione ikiwa imebeba."

Rafadha ndilo neno nililofundishwa shuleni. Lakini pwani yote hii, kuanzia Shangani hapa Mtwara hadi mdomo wa Mto Ruvuma, watu husema propela, nami nitasema hivyo hivyo, kwa kuwa sioni faida ya kuwaandika watu kwa maneno wasiyoyatumia. Asiyeifahamu aelewe jambo moja tu. Kwenye kitovu cha kila propela huchongwa namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili, ambayo wengi huipuuza, ni umbali ambao propela ingekwenda kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama mbao nayo ikapenya kama parafujo. Fundi aliita namba hiyo ya pili, inayohesabiwa kwa inchi, "hatua". Propela ya hatua ndefu huikimbiza boti nyepesi, lakini ikipewa mzigo mzito hushindwa kama mtu anayepanda ngazi tatu tatu akiwa na gunia kichwani. Ya hatua fupi husukuma mzigo polepole na kwa uhakika. Ikifungwa kwenye boti tupu, mashine hupiga kelele na kujichosha bure. Mengine yote niliyoyasikia kuhusu propela, na nimesikia mengi, yalikuwa maneno ya kijiweni.

Fundi naye hakuyapenda maneno ya kijiweni, na nadhani hicho ndicho kilichotuleta karibu. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa korosho aliyemjia akitaka propela kama ya binamu yake, ambaye boti yake ilisifiwa kwa mbio katika Ghuba ya Mnazi nzima.

"Binamu yako anabeba nini?" Fundi aliuliza.

"Samaki."

"Na wewe?"

"Magunia ya korosho. Lakini mashine zetu ni moja, Fundi. Farasi arobaini yeye, farasi arobaini mimi."

"Na wake zenu?"

Yule bwana alicheka kwa wasiwasi. "Wake zetu wameingiaje hapa?"

"Nauliza tu. Naona unataka kila alichonacho binamu yako, sasa sijui utaishia wapi."

Siku iliyofuata alimpakiza magunia yote, akakaa naye nyuma ya boti mpaka ghubani na kurudi, na jioni akamfungia propela ambayo binamu hangekubali hata kuitazama. Yule bwana alilalamika wiki nzima kwamba boti imekuwa mzee. Baadaye aliacha kulalamika, kwa sababu mafuta aliyokuwa akimaliza kwa safari mbili yalianza kutosha safari tatu.

Mjini ilisemekana kwamba anachagua propela kwa sikio, na wengine walidai ana mtu wa baharini anayemnong'oneza. Sikuamini hilo hata siku moja, wala sikuridhika na kutoamini tu, nilitaka kujua. Nilikwenda naye kwenye majaribio mara tatu. Nilichokiona ni kipima mizunguko kidogo, chenye kioo kilichopasuka, ambacho alikifunga kwa waya kwenye nyaya za mashine akakifunika kwa kofia yake ili asionekane anakitazama. Mashine ya farasi arobaini ilitakiwa ifikie mizunguko elfu tano hivi kwa dakika ikiwa imefunguliwa mafuta yote na imebeba mzigo wake wote. Ikikomea elfu nne, hatua ni ndefu mno. Ikipita elfu sita, ni fupi mno. Basi. Nilipomuuliza kwa nini anaificha kwa kofia kazi nzuri namna hiyo, alijibu kwamba wavuvi wakijua ni kipimo watataka kukiazima.

Hapo ndipo pa kusema kwamba mtu huyu hakuwa mnyoofu kama propela zake. Aliyepima kila kitu alivaa saa iliyokwenda mbele dakika arobaini na hakutaka irekebishwe. Alimwambia mkewe kwamba ameacha sigara. Alizinunua moja moja na kuzificha kwenye bomba la moshi la mashine moja mbovu, ambayo kwa sababu hiyo haikutengenezwa kamwe. Aliyeishi kwa boti hakujua kuogelea. Alipokaa boti ikiwa mwendoni, mkono mmoja ulikuwa kwenye kofia ile na wa pili umeshika ubao wa kukalia mpaka vidole vikapauka. Nilimdhihaki mara moja tu kwa hilo. Akasema, "Ningejua kuogelea ningekuwa nachagua propela kwa uvivu kama wenzangu."

Kibanda chake kilikuwa chembamba kuliko kitanda cha hospitali. Kushoto ukuta wa bati, kulia mashine zilizosimamishwa kwenye magogo, na juu propela zimetundikwa kwenye misumari, kila moja imeandikwa kwa chaki jina la boti. Ili mtu aingie, Fundi ilimbidi atoke. Mara mbili, kwa ninavyojua mwenyewe, aliitwa Dar es Salaam akafanye kazi kwenye karakana kubwa yenye feni na mshahara wa mwezi. Mara ya kwanza alifika mpaka kituo cha basi na begi lake. Nahodha mmoja alimfuata akiwa na propela iliyovunjika ukingo, akamwomba aitazame tu. Basi liliondoka akiwa amechuchumaa pembeni, anapima ukingo ule kwa kipande cha uzi. Mara ya pili hakufunga hata begi. "Nikiondoka," aliniambia, "watafunga chochote." Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Nilimwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Mimi si mtu wa huku. Nililetwa Mtwara na serikali kwa miaka mitatu, kukagua vyombo vidogo vya majini na kuvitolea leseni, na bado nipo. Nyumba yangu iko Shangani. Jioni natembea barabara ile ile ya ufukoni, nafika mwisho, narudi. Katika kazi yangu nilikuwa na kanuni moja niliyojivunia: sikuandika kitu nilichoambiwa na mtu pembeni. Niliandika kilichotamkwa mbele yangu na kilichosomeka kwenye chombo. Sikujua wakati huo kwamba watu wakijua unaandika kila kinachotamkwa, watakutamkia kile tu kinachoandikika.

Karibu na mdomo wa Ruvuma kuna kijiji ambacho sitakitaja. Kiko upande wa bahari, mikoko imekizunguka, na masika yakishika, barabara yake hupotea kwa wiki nyingi. Hapo njia inabaki moja: boti ya kijiji, inayopanda kijito mpaka kwenye gati la magogo ambako gari huweza kufika. Leseni yake, yenye saini yangu, ilisema abiria wanane.

Mwaka mmoja, miaka michache kabla sijastaafu, boti ile iligonga gogo na propela ikavunjika. Nahodha alimwita Fundi aje na nyingine, na siku hiyo ilisadifu kuwa siku ya ukaguzi wangu. Tulikutana gatini sote watatu. Fundi alikuja na propela mbili katika mfuko wa unga, ya hatua kumi na tatu na ya hatua kumi, akaziweka chini juu ya gunia.

"Nahodha, unabeba wangapi?" aliuliza.

Nahodha alinitazama. "Wanane, Fundi. Kama leseni inavyosema."

"Wanane na mizigo?"

"Wanane na vikapu vyao."

Fundi aliinama, akapitisha kidole ubavuni mwa boti, juu kidogo ya maji, mahali ambapo utando wa kijani ulikuwa umeota. Utando ule ulifika juu kuliko watu wanane wanavyoweza kuizamisha boti. Mimi pia niliuona. Alijifuta kidole kwenye suruali, akanigeukia kwa adabu.

"Bwana Mkaguzi, jua kali. Pale juu kuna mama anauza chai."

"Chai nimekunywa."

"Unywe ya pili."

"Fundi, kama kuna neno la kusemwa lisemwe nikiwa hapa."

Nahodha aliinama akajishughulisha na kamba. Nilimwelewa, sitajificha nyuma ya ujinga. Alitaka niondoke ili Nahodha aweze kutaja idadi ya kweli, naye achague propela kwa mzigo wa kweli. Lakini niliona kwamba kumwachia afunge ile ya hatua kumi ni kukiri kwamba boti yenye leseni ya wanane inabeba mara mbili yake. Nikamwambia, na haya ni maneno yangu yenyewe: "Umeambiwa wanane. Chagua ya wanane."

Alifunga ile ya hatua kumi na tatu. Tuliijaribu na watu wanane tuliowachukua gatini, na boti ikaruka vizuri mno. Nilitia saini. Fundi aliikunja ile ya hatua kumi ndani ya mfuko wa unga, akakaa chini ya mti akisubiri gari.

Masika yale nilikwenda kijijini kwa kazi nyingine na nikakwama huko siku nne. Siku ya tano boti ilikuwa inaondoka na mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua, aliyeitwa Zainabu, mimba yake ya kwanza. Walipanda na yeye mkunga, mama yake, shangazi, ndugu wawili, kisha watu wengine waliokuwa wamesubiri muda mrefu kama mimi. Nilihesabu, kwa mazoea. Kumi na sita. Nikapanda nikawa wa kumi na saba, kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, bahari inapojaa na kutoka kwa nguvu kuliko siku zote, maji yanakupwa, na juu ya kupwa kule mto ulikuwa unashusha mafuriko ya mvua. Mwanzo tulikwenda. Tulipofika mahali kijito kinapobana, mwendo ulipungua, na baadaye haukupungua tena kwa sababu haukuwapo. Nahodha alikuwa amefungua mafuta yote. Mashine ilinguruma kwa sauti nzito ya kukabwa, moshi mweusi ukifuka juu ya maji, na maji yalitupita pande zote mbili kwa kasi kiasi kwamba ukiyatazama ungeapa tunakimbia. Lakini mkoko uliokuwa begani kwangu ulibaki begani kwangu. Ulikuwa na kipande cha wavu wa bluu kilichonasa kwenye tawi. Nilihesabu mafundo ya wavu ule.

Kugeuka hatukuweza, boti ile, ikiwa imejaa vile, ingelala ubavu kwenye mkondo na kupinduka. Kupunguza mafuta ilikuwa kurudishwa nyuma kwenye magogo yaliyoletwa na mafuriko. Kwenda mbele hakukuwezekana. Lilikuwapo jambo moja tu la kufanya, na kila mtu mle ndani alilijua: kuisogeza boti ukingoni na kuteremsha watu kwenye tope. Nahodha hakulitamka. Kulitamka kulikuwa kukiri mbele ya mkaguzi kwamba watu wamezidi. Alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namsubiri yeye, kwa kuwa nikilitamka mimi ningekuwa mkaguzi aliyepanda boti akijua. Kwa saa yangu, ambayo huwa naiweka sawa na redio, tulikaa hivyo dakika thelathini na nane. Zainabu hakupiga kelele. Alikuwa akihema kwa vipande vipande, macho wazi.

Aliyetuvunjia kimya kile ni bibi mmoja mwenye kikapu cha muhogo. Alisema bila kupandisha sauti, "Nyie wanaume, mnamwogopa huyu mzee au mnamwogopa Mungu?"

Ndipo nikasema, "Shusha watu, Nahodha."

Tulishuka tisa, mmoja mmoja, tukishika mizizi ya mikoko. Walibaki wanane. Propela ya watu wanane ikafanya kazi yake: boti iliinua pua, ikapanda juu ya maji, ikapotea kwenye kona kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuandika sentensi hii. Sisi tulibaki kwenye tope mpaka iliporudi kutuchukua, mchana sana.

Zainabu alipona. Mtoto alizaliwa bila kulia. Daktari hakuandika kwamba sababu ni kuchelewa, na mimi siwezi kuandika asichokiandika daktari. Naandika tu kwamba dakika zilikuwa thelathini na nane.

Kabla wiki haijaisha, sauti ya mtu nisiyemjua ilikuwa imezunguka kwenye simu za mjini, ikieleza kwamba Fundi alifunga propela mbovu ili auze nyingine, na propela ile imeua mtoto. Niliisikia kwa kinyozi. Niliisikia kwenye baraza la duka. Kila aliyeirudia aliongeza kitu. Na mimi, niliyejigamba maisha yangu yote kwamba siyavumilii maneno ya kusikia, nilikuwa mmoja wa watu watatu duniani wanaojua yaliyosemwa gatini, na sikufungua mdomo. Taarifa yangu rasmi ilisema kwamba boti ilicheleweshwa na mkondo mkali usio wa kawaida. Hakuna neno la uongo katika taarifa ile, na taarifa nzima ni uongo.

Kuhusu kimya changu sina la kujitetea. Kimya cha Fundi ndicho kilichonisumbua miaka yote, kwa kuwa hakikuwa na faida kwake. Wateja walipungua. Nilipita pale kibandani nikaona misumari imebaki mitupu, majina ya boti yamefutwa kwa kiganja. Mkewe aliacha kwenda sokoni asubuhi, akawa anakwenda adhuhuri wakati watu wamepungua. Kijana mmoja alimwita muuaji mchana, mbele yangu, akiwa juu ya bodaboda yake. Fundi alimuuliza kama breki zake za nyuma zinashika, maana zinatoa sauti, akaendelea na kazi. Angeweza kusema neno moja: aliyeamuru ni yule pale. Hakulisema. Nami niliendelea kumsalimia, naye aliendelea kuniitikia. "Shikamoo" sikumpa wala yeye hakunipa, kwa kuwa tulikuwa wa rika moja. Tulisema "habari za leo", tukajibizana "nzuri", kila siku, kama wafungwa wa chumba kimoja waliokwisha kuambiana yote.

Kitu kimoja kilibadilika katika kazi yake. Aliacha kuuliza watu. Awali alimuuliza mwenye boti anabeba nini, kisha akahakikisha. Baada ya siku ile hakuuliza kabisa. Angekwenda gatini siku mbili kabla, akakaa na kikombe cha kahawa kama msafiri, akahesabu wanaopanda, akatazama maji yanafika wapi ubavuni, akarudi mjini na kuchagua. Mwenye boti akianza kumweleza, alimkatiza: "Wewe nyamaza. Boti imeshaniambia."

Nilistaafu. Mwaka huu, masika yalipoanza, nilikaa mezani nikaandika barua ya kurasa tatu kwa ofisi yangu ya zamani. Niliandika yote: utando ubavuni, chai, maneno yangu, kumi na saba, dakika. Sikutaka kuipeleka bila yeye kuisoma. Mkewe alinielekeza gatini kwenye kijito kile, amekwenda kujaribu mashine mpya ya kijiji. Nilikwenda kwa gari, safari ndefu yenye matope.

Nilimkuta amekaa juu ya gogo, miguu majini, nywele zote zimekuwa nyeupe. Abiria walikuwa wanasubiri kuvuka kurudi kijijini. Nilimpa barua. Alivaa miwani, akaisoma polepole, kurasa zote, akarudi ukurasa wa pili akaweka kidole.

"Hapa umeandika hatua kumi na mbili. Ilikuwa kumi na tatu."

"Nitarekebisha."

"Kama unaandika ukweli uandike sawasawa." Alivua miwani. "Ukiipeleka hii, watafanya nini?"

"Watajua hukuwa na kosa."

"Sikuulizi watajua nini. Watafanya nini?"

Nilikuwa nimefanya kazi katika ofisi ile miaka mingi, nilijua. "Watasimamisha boti."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kijiji kipate chombo kikubwa zaidi, chenye leseni ya watu wote hao."

"Unakijua chombo hicho kiko wapi?"

"Hakipo."

"Na mvua ndiyo hii." Alikunja barua vizuri kufuata mikunjo yangu, akanirudishia. "Wale pale watakwenda kwa mitumbwi, Bwana Mkaguzi. Mkondo huu huu."

"Na jina lako je?"

"Jina langu halivushi mtu."

Nilikaa kando yake. Ndipo akaniambia jambo ambalo miaka yote sikulijua, na nililiamini kwa sababu ni yeye aliyelifanya. Baada ya tukio lile, alikwenda kijijini akafunga ile ya hatua kumi bila malipo. Na kila mwaka, siku moja kabla ya ukaguzi wangu, alisafiri tena akafungua ile ya kumi akarudisha ya kumi na tatu, ili nikute kilichoandikwa kwenye faili langu. Nikiondoka, walibadilisha.

"Miaka yote?"

"Miaka yote mpaka ulipostaafu."

"Hukuogopa kwamba ningeijaribu ikiwa imejaa?"

"Wewe?" Alitabasamu kidogo, bila ubaya. "Wewe ulisoma namba."

Nilimwambia kwamba nimebeba jambo hili muda mrefu, na kwamba mtu wa umri wangu hapendi kulibeba mpaka mwisho. Alinielekeza kwa kidevu upande wa abiria. "Kama unataka kusema, mwambie yule mwenye kanga ya njano. Yeye hana ofisi."

Alikuwa Zainabu. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne hivi, anayekula ndizi. Nilijitambulisha, nikamwambia kwamba Fundi hakukosea, kwamba mimi ndiye niliyesema ichaguliwe propela ya watu wanane. Nilisema kwa utaratibu, kama nilivyoandika. Alinisikiliza akimfuta mtoto mdomo.

"Nakukumbuka," alisema. "Nilikuwa nawahesabu mnaposhuka, ili nisipige kelele. Wewe ulikuwa wa mwisho."

"Nilikuwa wa mwisho."

"Uliuliza tope lina kina gani."

Sikukumbuka kuuliza hivyo. Lakini yeye alikuwapo, alisikia kwa masikio yake, na kwa kanuni zangu mwenyewe ushahidi wake unatosha.

"Niliuliza," nikasema.

Alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga kanga. "Fundi alitaka kuniomba radhi mwaka ule ule, nikamwambia asirudie tena, si yeye. Wewe sijui nikwambie nini, baba. Boti inaondoka."

Maji yalikuwa yanajaa, bamvua tena, na mkondo ulikuwa unaingia kwenye kijito kwa nguvu, moja kwa moja usoni mwa boti. Walipanda. Zainabu alikaa katikati. Fundi alipanda wa mwisho, akakaa nyuma karibu na mashine, akaweka kofia yake juu ya nyaya na kushika ubao kwa mkono wa pili. Nilibaki gatini na barua yangu. Nilihesabu vichwa, na safari hii nilihesabu mpaka mwisho. Walikuwa kumi na tisa. Propela ilikuwa ya hatua kumi. Nahodha alifungua mafuta, sauti ya mashine ikapanda bila kukabwa, pua ya boti ikainuka, ikalala, na boti ikapenya mkondo kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, haikusimama hata mara moja mpaka mikoko ilipoificha.